Samaki wa Kina Kirefu na Gamelle ya Baba

Samaki akishalainika kidogo kutoka kwenye barafu, huwa nambonyeza nyuma ya kichwa kwa kidole gumba, pale kichwa kinapokutana na mgongo. Nyama ikijaa na kukirudisha kidole, najua alikula vizuri. Pakibonyea, mfupa ukajitokeza kando na kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, najua alikuwa na njaa, au mgonjwa, au alikuwa ametoka kutaga mayai na kumaliza nguvu zake huko. Sijigambi. Ni mazoea ya mikono tu, na mikono yangu imefanya kazi hii miaka mingi kuliko ilivyotaka yenyewe.

Nauza samaki wa baharini Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, mji usio na bahari. Samaki wangu wanavuliwa Atlantiki, wanagandishwa melini, wanapangwa kwenye makatoni, kisha wanapanda malori kutoka kusini, wanavuka mpaka wa Kasumbalesa baada ya foleni isiyoisha, na kufika mbele ya parcelle yangu, kiwanja cha nyumba na duka, wakiwa wagumu kama matofali. Wengi ni chinchard, wale wa mafuta ambao kila nyumba hapa inawakaanga. Mara moja moja linakuja katoni la merlu. Huyo ni samaki wa kina kirefu, wa kijivu, kinywa cheusi ndani, nyama laini inayoachia maji ukimpika vibaya. Wateja hawampendi. Wananirudia siku ya pili wamekunja uso na kusema, "Mama, ile samaki yako ilikuwa maji tu." Nimeshachoka kueleza. Zamani nilikuwa naeleza.

Nilikuwa naeleza kwamba huko chini giza ni la kudumu na baridi haipungui, na chakula ni kile kinachodondoka kutoka juu au kile unachoweza kukimeza kinapokupitia. Chinchard anaishi juu zaidi, anafuata vijidudu vidogo vya maji, anashiba na mafuta yake yanaingia kwenye nyama yenyewe. Merlu analala karibu na sakafu ya bahari, anapanda kuwinda na kushuka tena, anakula samaki wenzake, hata watoto wa aina yake, na akiba yake anaificha kwenye ini. Kadiri unavyoshuka ndivyo nyama za samaki wengi zinavyokuwa za maji maji, kwa sababu mwili haujengi misuli ambayo hautaweza kuilisha. Kwa hiyo huwezi kumpima samaki wa chini kwa jicho la samaki wa juu. Mteja ananisikiliza, anatikisa kichwa, kisha anaomba chinchard.

Haya yote niliyasoma. Nilikuwa mwanafunzi wa zoolojia hapa hapa Lubumbashi, na ile kazi ya kumaliza masomo, mémoire, niliifanya juu ya samaki hawa wa makatoni. Wenzangu waliokuwa na uwezo walikwenda kwenye maziwa kupanda mitumbwi. Mimi nilikwenda soko la Kenya, mtaa mwingine wa mji huu huu, na rula, mizani ndogo na daftari, nikakaa pembeni ya wanawake wanaopasua samaki. Nilipima urefu, nikapima uzito, nikalinganisha kimoja na kingine, kwa maana ukifanya hivyo unapata namba moja inayokuambia kama samaki amenona au amekonda kwa urefu alionao. Kisha nikapasua matumbo kuona walikula nini.

Chinchard walikuwa na kitu ndani karibu wote. Merlu hawakuwa na kitu. Mmoja baada ya mwingine, tumbo tupu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete barabarani. Nikaandika kwamba samaki wa kina kirefu wanaishi na njaa, kwamba kina kikizidi chakula kinapungua, na kwamba namba yangu ya unono ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo. Niliandika kurasa nyingi. Nikapeleka zipigwe chapa.

Siku ya mwisho nilirudi sokoni kuaga. Mama mmoja mzee, mpasuaji, ambaye wiki zote zile alikuwa akiniangalia, aliniita.

"Weye mutoto ya université, unatafutaka nini mu matumbo ya hawa samaki?"

Nikamwambia natafuta walichokula, na kwamba hawakula kitu.

"Fungua kinywa," akasema.

Nilifikiri ananiambia mimi. Akacheka, akachukua merlu, akamfungua taya kwa vidole viwili. Ndani ya kile kinywa cheusi kulikuwa na kifuko cha rangi ya waridi, kimejikunja na kutuna.

"Tumbo iko huku. Miye nilizaliwaka na kukomea ku ziwa Tanganyika, ile najua. Samaki ya chini, ukimuvuta mbio, hewa mu mwili inavimba, inasukuma tumbo inatokea mu kinywa. Bya kula byote bilishabakia mu maji." Kisha akampasua, akatoa ini na kuniwekea kiganjani. Lilikuwa nene, jeupe, linateleza kwa mafuta. "Huyu alikuwa anakula kupita weye."

Nilisimama pale na ini mkononi. Mémoire ilikuwa imeshapigwa chapa na siku ya kuitetea imeshawekwa. Ningeweza kumwendea mwalimu wangu, kumwambia nimekosea, kuanza upya. Sikwenda. Niliona aibu, na nilikuwa nimechoka hata wakati ule, nikiwa kijana. Niliitetea kama ilivyokuwa, wakanipongeza, mama yangu akaleta maandazi. Bado iko huko kwenye kabati la chuo, na samaki wangu wenye njaa ambao hawakuwa na njaa. Sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Nasimulia haya kwa sababu ya baba yangu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa chini ya ardhi, katika mji wa mgodi usio mbali na hapa. Kila siku ya kazi aliingia kwenye cage, kile kisanduku cha chuma kinachoshusha watu, akashuka mahali ambapo sisi watoto tulijua tu kwamba panaitwa chini. "Papa iko wapi?" "Iko chini." Tulikua na jibu hilo. Kazi ilipokwisha, alibaki na mama katika nyumba ile ile ya kambi, akilima bustani ndogo na kubishana na wazee wenzake juu ya mpira. Mwaka juzi mama alifariki. Tulimaliza matanga, jamaa wakatawanyika, na mimi sikutaka kumwacha peke yake. Nilimpakia na godoro lake, kiti chake na gamelle yake, lile bakuli la bati lenye mfuniko na mshikio alilokuwa akishuka nalo mgodini, nikamleta Kampemba. Hakuulizwa sana. Kesho yake asubuhi nikafungua duka, maana samaki hawajui matanga.

Nilimpa chumba cha nyuma, ndicho kilichokuwepo. Dirisha lake linatazamana na ukuta mpya wa jirani, ukuta mrefu uliopandishwa bila kuniuliza, kwa hiyo taa inawaka hata mchana, courant, yaani umeme, ikiwepo. Upande wa pili wa kitanda chake, nyuma ya ukuta, ndipo inapokaa motor ya chambre froide yangu, chumba cha barafu cha samaki, inanguruma kutwa kucha. Nilimwomba radhi kwa kelele ile. Baba akaweka kiganja ukutani, akasikiliza.

"Acha," akasema. "Ventilateur iko inazunguka muzuri. Hewa iko."

Nikacheka, nikadhani ni utani wake wa kuiita motor yangu feni ya mgodini. Baba ana utani mkavu ambao unaweza kuupita bila kuuona.

Miezi ikapita, naye akaanza kukonda. Sikuona mapema. Unapomwona mtu kila siku humwoni. Niliona siku nilipomnyoa: nikamgusa nyuma ya shingo, na kidole gumba changu, kwa mazoea yake, kikabonyeza. Kikazama. Mifupa miwili ikajitokeza kando. Mikono yangu ilijua kabla yangu, na nilipata hofu ya kweli.

Kuanzia hapo nikawa nampima kwenye mizani kubwa ya duka kila Jumapili baada ya misa, akiwa amevaa koti lake. Alisimama juu ya ule ubao wa kupimia makatoni, amenyooka kama askari.

"Utaniuzisha bei gani, mama?" alikuwa anauliza. Baba ananiita mama, kama wazee wa hapa wanavyowaita binti zao.

"Hakuna atakayekununua, Papa. Mifupa mitupu."

Alicheka, na mimi nilicheka, na mshale wa mizani ukawa unarudi nyuma kila Jumapili. Nilikuwa nimeshamzika mmoja. Nililala nikiwaza ni lini nitamzika wa pili.

Nilimpeleka kituo cha afya. Walimtoa damu, wakamsikiliza kifua, hawakuona kitu. "Ni buzee, mama," muuguzi akaniambia. "Umupatie bya kula bya nguvu." Bya kula bya nguvu ninavyo, nikasema moyoni, nimevikalia. Nikaanza kumchagulia chinchard wanono kuliko wote, wale ambao wateja wangu wazuri huniomba niwawekee. Nikamkaangia, nikampikia kwa nyanya, nikampa na bukari ya moto, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese. Msichana anayenisaidia kupika alimpelekea sahani chumbani, kwa sababu mimi nilikuwa na wateja kwenye dirisha la duka, na sahani ikarudi tupu. Kila mara tupu. Hata miiba haikubaki. Nilikuwa nainua sahani ile kwenye mwanga na kuiangalia, nikijiambia, anakula, basi anakula vizuri, sasa nyama inakwenda wapi?

Katika kipindi hicho hicho kulikuwa na paka wa jirani. Sitaki kumsema vibaya, lakini alikuwa na hali nzuri mno. Mgongo mpana, shingo imejaa, manyoya yanang'aa. Nilimwona kila siku akitoka nyuma ya nyumba yangu kwa mwendo wa taratibu, wa mtu aliyetoka kwenye sherehe. Nilikuwa na hakika ananiibia dukani. Nilibadilisha komeo la mlango, nikamrushia kandambili, nikamwambia mwenye paka maneno ambayo ilibidi nimwombe radhi baadaye. Mwanamke niliyefundishwa kusoma unono wa mnyama kwa kidole! Nilikuwa na baba anayekonda na paka anayenona katika parcelle moja, na sikuwaunganisha.

Na harufu, je? Hapo ndipo huwa najicheka nikipata nguvu ya kucheka. Katika nyumba nyingine yoyote ya mji huu, harufu ile ingegunduliwa kwa siku moja. Kwangu, nguo zinanuka samaki, mapazia yanasema samaki, hata Biblia yangu ukiifungua inanuka samaki. Nikiingia chumbani kwa baba nikasikia samaki, nilisikia harufu ya nyumbani tu.

Ilikuwa siku ya délestage ndefu, mgao wa umeme. Courant ilikatika asubuhi, nikawasha groupe, jenereta yangu, na kufika saa sita za mchana groupe nayo ikakohoa na kuzimika. Motor ya chambre froide ikanyamaza. Wale mnaouza vitu vya barafu mnaujua ukimya huo. Nilikimbia nyuma kuchukua blanketi za kufunikia makatoni, na blanketi ziko kwenye kabati la chumba cha baba. Sikubisha hodi.

Ilikuwa giza. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sahani yake magotini, gamelle imefunguliwa pembeni. Alikuwa anahamisha chakula. Bukari, samaki, sombe, yote, kwa mikono yenye haraka lakini nadhifu, anapanga ndani ya bati kama anayefunga mzigo wa safari. Aliponiona hakushtuka. Aliinua kiganja kuniamuru nisimame.

"Hewa imekatika," akasema kwa sauti ya chini. "Usikule kitu. Chunga yote."

Mkono wangu ulibaki kwenye kitasa. Nilidhani nimempoteza, kwamba kichwa kimetangulia kabla ya mwili. Nikapiga magoti mbele yake.

"Papa. Hapa tuko wapi?"

Akaniangalia kwa dharau ya baba kabisa. "Kampemba. Kwako. Unawaza nimeshapoteza kichwa?"

"Sasa juu ya nini unaweka bya kula mu gamelle?"

Akafikiri. Ilionekana kama ni mara ya kwanza anaulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Fashi hii, hii pahali, haina jua," akasema. "Fashi haina jua, mutu anakula nusu. Nusu ingine anachunga mpaka apande. Vile tulikuwa tunafanya."

Nikakaa chini sakafuni, blanketi nikazisahau, samaki wangu wakaanza kutoka jasho upande wa pili wa ukuta. Baba akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia nikiwa mtoto. Huko chini, katika équipe yao, kikosi cha zamu, mtu hakumaliza chakula chake. Alikula nusu, akafunga nusu. Mwamba unaweza kushuka, cage inaweza kukwama, hewa inaweza kukatika, na hakuna ajuaye atapanda saa ngapi. Siku moja cage ilikwama na walikaa chini mpaka kesho yake. Mmoja wao alikuwa mgeni, alikuwa ameshamaliza chakula chake chote. Walimtolea kila mmoja kidogo kutoka nusu yake, na hawakumsema, lakini mtu yule aliona haya mpaka akaomba kazi ya juu.

"Na mukipanda?" nikauliza.

"Tukipanda, tunaikala pale pa mulango, mu jua, équipe yote. Tunafungua, tunamaliza nusu. Kisha njo unaenda kwako. Mutu hakufikake kwake na bya kula mu gamelle. Mama yako alijua. Hakuniulizake kama nilikula."

Nikamuuliza, basi hapa nusu yake huimaliza lini. Akaangalia dirisha, ule ukuta wa jirani.

"Sipandake," akasema. "Ikichacha, napatia paka."

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo, mahali ambapo wateja hawanioni. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Mara ya kwanza niliona tumbo tupu nikaandika njaa. Mara ya pili niliona sahani tupu nikaandika shibe. Katikati ya makosa hayo mawili maisha yangu yote yalikuwa yamepita nikijiita mtu anayejua kusoma hali ya samaki. Mzee wangu hakuwa mgonjwa wala hakuwa mwendawazimu. Nilimvuta mbio kutoka mahali pake, nikamweka tena gizani, nikampelekea sahani peke yake, na mwili wake ukafanya kile ulichojifunza kufanya gizani. Ulikula nusu na kusubiri zamu iishe.

Makatoni mawili ya juu yaliharibika siku hiyo. Niliyauza upesi upesi kwa wanaokausha, nikaacha kuyafikiria.

Kumhamisha chumba haikuwezekana mara moja, nyumba ni ile ile. Lakini kesho yake nilibeba kiti chake nikakiweka mbele ya duka, ukutani, mahali jua linapofika kuanzia saa saba. Nikamwambia msichana amwachie afunge nusu kwenye gamelle kama alivyozoea. Ampe chakula saa sita kama kawaida, halafu saa nane mimi mwenyewe nitamtoa. Baba alikuja amevaa koti, gamelle mkononi, akitembea polepole. Aliketi. Akanyoosha uso juani na kufumba macho muda mrefu. Kisha akafungua mfuniko na kula, bila haraka, mpaka bati likabaki tupu, akalifuta kwa tonge la mwisho la bukari. Paka alikuja akaketi mbali kidogo, akangoja, akaona mambo yamebadilika, akaondoka.

Tulifanya hivyo siku nyingi. Mshale wa mizani ulisimama kwanza. Wiki kadhaa haukwenda mbele wala nyuma, nami nikawa naogopa hata kuuangalia. Halafu Jumapili moja ukasogea mbele, kidogo sana, unene wa kucha. Nilimwambia ni koti. Akavua koti akapanda tena.

Mimi nilikuwa nasimama mlangoni kila saa nane, mkono mmoja kwenye fremu, jicho moja kwake na lingine dirishani. Nilimwangalia anavyotafuna, anavyomeza. Nilihesabu matonge. Nilikuwa na furaha, nadhani, lakini ilikuwa furaha iliyochoka, ambayo inataka tu kukaa chini na haina kiti.

Wiki iliyopita baba alikula mpaka nusu ya nusu yake, akasimamisha mkono.

"Yako iko wapi?"

"Yangu nini, Papa?"

"Nusu yako."

"Nimeshakula."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Ulikula nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimekunywa chai nimesimama, na kipande cha mkate nilikiacha juu ya katoni, sijui kiliishia wapi. Jana yake pia. Sikumbuki mara ya mwisho niliyoketi mbele ya sahani. Kwenye matanga ya mama niliwapikia watu siku zote zile, na nadhani nilionja chumvi tu. Nikamwambia, "Chai."

"Kuya hapa," akasema. "Inama."

Nikainama, nikidhani anataka kuninong'oneza. Baba akaweka kidole gumba chake nyuma ya shingo yangu, pale pale, akabonyeza. Kidole chake ni kigumu, kimepinda, kina kovu la zamani. Kilizama. Nilisikia mifupa yangu miwili ikijitokeza kando ya kidole chake, na nilijua maana yake kabla hajasema.

"Huyu hakulake," baba akasema. "Tangu tuzike mama yako uko chini, hauyapanda. Ikala."

Hakukuwa na kiti kingine. Niliketi chini kwenye saruji, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha juani na aproni yangu yenye magamba. Baba akaikata bukari iliyobaki katikati kwa kidole, akagawa kichwa cha chinchard na mkia, akaweka kichwa upande wangu, na kunisogezea gamelle magotini. Bati lilikuwa la moto kwa jua. Nilikula. Machozi yalitoka hapo, bila kelele, mengi kuliko nilivyojua ninayo, na baba akaendelea kutafuna mkia wake.

Mteja akafika dirishani, akagonga kioo mara mbili. Nikataka kuinuka. Baba akaniwekea mkono begani.

"Ngoya kidogo," akamwambia mteja, bila kugeuka. "Tuko tunamaliza."